Mpaka Ukifungwa: Kutoka Bujumbura ya 1996 hadi Dzaleka

Tarehe 31 Julai 1996, siku sita baada ya Meja Pierre Buyoya kutwaa madaraka mjini Bujumbura, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakaamua kuifungia Burundi njia za biashara. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Zaire (Kongo ya leo) na Ethiopia ndizo zilizoanza. Zambia ikafuata baadaye. Uamuzi huo haukutoka New York wala Brussels. Ulitoka kwa majirani waliokuwa wakiipitishia Burundi kahawa yake na kuiletea petroli, chumvi na saruji, na ndiyo maana uliuma kuliko tamko lolote la mbali. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, na katika mtaa wa Chinsapo pembezoni mwa Lilongwe, wamo Warundi na Wakongomani walioishi miaka hiyo wakiwa watu wazima. Kwao vikwazo si msamiati wa taarifa ya habari. Ni miaka ya kukosa.

Burundi haina bahari. Njia yake kuu ya mizigo ilianzia bandari ya Dar es Salaam, ikafuata Reli ya Kati hadi Kigoma, kisha shehena ikapakiwa melini na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Bujumbura. Njia ya pili ilitoka Mombasa kwa barabara, ikipita Uganda na Rwanda. Ya tatu ilitoka kusini kupitia Mpulungu, bandari ndogo ya Zambia kwenye ncha ya ziwa hilohilo. Anayetaka kuibana nchi ya namna hiyo hahitaji manowari. Inatosha karani wa forodha akatae kugonga muhuri.

Vita vilivyozaa hatua hiyo vilikuwa vimekwisha kula karibu miaka mitatu. Oktoba 1993 wanajeshi walimuua Melchior Ndadaye, rais wa kwanza wa Burundi aliyechaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi. Aprili 6, 1994 Cyprien Ntaryamira alikufa pamoja na Juvénal Habyarimana wa Rwanda ndege yao ilipodunguliwa Kigali. Mauaji ya kulipizana yakaenea vilimani. Julai 1996 watu zaidi ya 300 waliokuwa wamekimbilia kambi ya Bugendana, mkoani Gitega, waliuawa, na siku chache baadaye jeshi likamwondoa Rais Sylvestre Ntibantunganya. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa msuluhishi, na majirani waliomuunga mkono walitaka mambo matatu: bunge lirudi, vyama vya siasa viruhusiwe, na serikali ikae mezani na pande zote, zikiwemo zenye silaha, bila kuweka masharti.

Cha kwanza kuadimika kilikuwa mafuta. Petroli iligawiwa kwa mgao, na jeshi lilikuwa mbele ya foleni. Iliyobaki iliuzwa kando ya barabara katika madumu na chupa, kwa bei ambayo mwalimu au muuguzi hakuweza hata kuiuliza mara mbili. Petroli ikipanda, hakuna kinachobaki chini. Nauli hupanda, na mihogo inayotoka kijijini kwenda sokoni hupanda nayo. Gari la wagonjwa husimama. Mashine ya kusaga huzimwa, na mama hurudi kwenye kinu na mchi. Chumvi, ambayo maskini hainunui kwa anasa bali kwa kuwa hakuna mbadala wake, ilianza kupimwa kidogokidogo, na sukari ikawa kitu cha wenye nafasi. Mbolea na mbegu zilichelewa, na kuchelewa kwa mbegu hakusameheki, kwa sababu mvua haingoji kibali.

Mwanzoni hata mashirika ya misaada yalikwama. Orodha ya vitu vilivyosamehewa ilikuwa fupi mno, na kamati ya kanda iliyosimamia vikwazo ilipaswa kupitia maombi moja baada ya jingine, ya dawa, ya maziwa ya watoto, ya dizeli ya kuendeshea magari ya misaada. Ilichukua hadi Aprili 1997 kwa viongozi wa kanda kulegeza kamba na kuruhusu chakula, vifaa vya shule, vifaa vya ujenzi, dawa na pembejeo za kilimo. Miezi tisa si mingi katika historia ya nchi, lakini kwa mtoto aliyekuwa hospitalini mwaka huo ilikuwa mingi. Kosa hilo la kutofikiria misamaha mapema ndilo lililosomwa zaidi na watu wa misaada baadaye, na wana haki ya kulisema kwa sauti.

Bidhaa zenyewe hazikukoma kuingia. Zilibadilisha njia na zikabadilisha mwenye njia. Rwanda ilikuwa imetia jina lake kwenye tamko la Arusha, lakini mpaka wake na Burundi ulivuja tangu mwanzo. Uvira, ng'ambo ya Bujumbura kwa upande wa Kongo, ulikuwa mlango mwingine. Mitumbwi ya usiku ziwani ilikuwa wa tatu. Magendo hayo hayakuwa kazi ya mtu yeyote aliyetaka. Yalihitaji lori, mtaji, na zaidi ya yote mtu wa kukufungulia kizuizi. Kwa hiyo faida iliwaendea wafanyabiashara wakubwa na maofisa waliowalinda, yaani watu walewale ambao vikwazo vilikusudia kuwabana. Mkulima wa Ngozi au Kayanza aliuza kahawa yake kwa bei ya chini kwa sababu njia ya kuisafirisha ilikuwa ghali, kisha akanunua chumvi kwa bei ya juu kwa sababu njia ya kuileta ilikuwa ghali. Alilipa kwenda na kurudi.

Je, vikwazo hivyo vilizaa matunda? Jibu la haki lina pande mbili. Septemba 1996, wiki chache tu baada ya mipaka kufungwa, Buyoya alirudisha bunge na kuruhusu vyama. Serikali yake ilizungumza kwa siri na waasi wa CNDD mjini Roma, na Juni 1998 mazungumzo ya pande nyingi yalifunguliwa Arusha. Ni vigumu kuamini kwamba mambo hayo yangetokea haraka hivyo bila kubanwa. Lakini baada ya miezi ya mwanzo shinikizo halikuwa na kazi mpya. Liliendelea kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulilegeza, huku serikali ikilitumia kueleza kila shida ya wananchi kuwa ni hila ya majirani. Vikwazo vilisimamishwa Januari 23, 1999. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini Agosti 28, 2000, Nyerere akiwa amekwisha kufariki na Nelson Mandela akiwa amechukua usuluhishi. Katika kipindi hichohicho vita vya Kongo vilikuwa vimewaka mara mbili, Oktoba 1996 na Agosti 1998, na mipaka ya Uvira, Bukavu na Goma ikawa barabara za majeshi. Nchi iliyofungiwa na nchi iliyovamiwa zikawa zinapakana, na wakimbizi wakavuka kwenda pande zote mbili.

Uzoefu wa Burundi, pamoja na ule mkubwa zaidi wa Iraki miaka hiyohiyo, uliwafanya wengi waone kwamba kuifungia nchi nzima ni kumpiga asiyehusika. Ndipo vikaja vikwazo vya kulenga. Badala ya kufunga mpaka, jina la mtu au kampuni huandikwa kwenye orodha; akaunti zake hufungwa, hawezi kusafiri, na benki haziruhusiwi kufanya naye biashara. Umoja wa Mataifa uliweka marufuku ya silaha kwa makundi ya mashariki mwa Kongo Julai 2003, na orodha ya majina iliyofuata baadaye imekuwa ikiongezeka. Kwa nadharia, mama anayeuza mboga sokoni Kadutu, mjini Bukavu, hapaswi hata kujua kwamba orodha hiyo ipo.

Nadharia hiyo ilijaribiwa mwaka 2010. Julai mwaka huo Marekani ilipitisha sheria iliyozitaka kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko yake ya hisa zieleze kama bati, koltani, wolframu na dhahabu zinazozitumia zinatoka Kongo au nchi jirani. Sheria haikupiga marufuku ununuzi. Lakini mnunuzi aliye mbali, akiona karatasi nyingi na hatari ya jina lake kuchafuka, huchagua kununua kwingine. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila naye alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011. Machimbo yakanyamaza. Wakongomani waliiita sheria ile "Loi Obama", sheria ya Obama, na jina hilo lilitamkwa kwa uchungu. Mchimbaji mwenye nyundo na tochi hakuwa kwenye orodha yoyote, wala mama aliyewapikia wachimbaji, wala kijana aliyebeba magunia mgongoni hadi barabarani, lakini wote walikosa kazi msimu uleule. Dhahabu, ambayo hubebeka mfukoni, iliendelea kutoka kwa magendo. Bati, ambayo ni nzito, ilibaki ardhini.

Mwaka 2025 zana zote hizo zilitumika kwa pamoja. Waasi wa M23 waliiteka Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari. Februari 20 Marekani iliwawekea vikwazo James Kabarebe, waziri wa Rwanda, na Lawrence Kanyuka, msemaji wa M23. Kesho yake Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2773 likiitaka Rwanda iache kuwasaidia M23 na kuyaondoa majeshi yake Kongo. Machi 17 Umoja wa Ulaya uliwaorodhesha watu tisa, wakiwemo makamanda wa jeshi la Rwanda, pamoja na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Gasabo kilichoko Kigali. Siku hiyohiyo Rwanda ikavunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji. Kigali ilikanusha kuwasaidia waasi.

Vikwazo hivyo vilikuwa vya kulenga. Yaliyowapata wakazi wa Goma hayakulenga mtu. Serikali ya Kinshasa ilifunga shughuli za benki katika miji iliyotekwa, uwanja wa ndege ulifungwa, na noti zikaadimika. Mwenye mshahara kwenye akaunti alikuwa na fedha asizoweza kuzigusa. Wengi walivuka kwa miguu kizuizi kiitwacho Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi, wakitafuta pa kutolea pesa upande wa Rwanda, na kila aliyemtolea mwenzake pesa alikata chake. Hata wanajeshi walifungiwa. Kikosi cha SADC, kilichokuwa na Waafrika Kusini, Watanzania na Wamalawi, kilikwama Goma; Februari 5 Lazarus Chakwera, rais wa Malawi wakati huo, aliagiza wanajeshi wa nchi yake wajiandae kurudi nyumbani, lakini kwa kuwa uwanja wa ndege ulikuwa hautumiki, kikosi kilianza kuondoka mwishoni mwa Aprili kwa barabara, kupitia Rwanda hadi Tanzania.

Mipaka mingine ilifungwa kwa sababu zake. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 11, 2024, ikiilaumu kwa kuwaunga mkono waasi wa RED-Tabara, madai ambayo Rwanda iliyakana. Mpaka wa Bunagana, kati ya Kongo na Uganda, ulikuwa mikononi mwa M23 tangu Juni 2022, na Uganda ikaufungua tena Julai 2025 ingawa waasi walikuwa bado upande wa pili. Desemba 10, 2025, siku sita tu baada ya marais wa Kongo na Rwanda kutia saini makubaliano mjini Washington, M23 waliingia Uvira. Makumi ya maelfu ya watu walivukia Burundi, na Burundi ikaufunga mpaka wake na Kongo pia.

Hapa kuna jambo la sheria ambalo lazima lielezwe wazi, kwa kuwa huchanganywa mara nyingi, wakati mwingine kwa makusudi. Nchi ina haki ya kumzuia mfanyabiashara na lori lake. Haina haki ya kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yako hatarini. Ndivyo unavyosema Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 33, na mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliongeza kwamba anayekimbia vita na uvamizi ni mkimbizi hata kama hakuna aliyemlenga yeye binafsi. Mpaka uliofungwa kwa bidhaa hauwi umefungwa kwa mtu anayekimbia risasi. Lakini askari wa zamu huona kizuizi kimoja tu, na mkimbizi akikataliwa pale huzunguka porini au ziwani, ambako nauli hupangwa na mwenye mtumbwi.

Ndiyo njia inayofika Malawi. Wengi wa watu wa Dzaleka waliotoka Kivu Kusini walishuka hadi Ziwa Tanganyika, wakavuka kwenda Kigoma, wakaikata Tanzania kwa basi au lori hadi Mbeya, kisha mpaka wa Kasumulu, Karonga, na barabara ndefu ya kusini hadi Dowa. Njia ya karibu ikifungwa, nchi ya mbali huwa ndiyo ya kwanza kufikika.

Malawi yenyewe inajua maana ya kufungiwa njia na vita vya jirani. Katikati ya miaka ya 1980 waasi wa RENAMO wa Msumbiji walizikata reli za Beira na Nacala, bandari zilizo karibu zaidi na nchi hiyo, na mizigo ikalazimika kuzunguka hadi Durban. Chai, tumbaku na sukari ya Malawi vilibeba gharama ya maelfu ya kilomita za ziada. Septemba 1986 Rais Samora Machel wa Msumbiji, akiwashutumu watawala wa Malawi kuwahifadhi waasi hao, alitishia kuufunga mpaka. Mwezi uliofuata alikufa katika ajali ya ndege. Malawi ilibadili msimamo na mwaka 1987 ikapeleka wanajeshi wake kulinda reli ya Nacala. Njia ya kaskazini, kupitia Mbeya hadi Dar es Salaam, ilijengwa kutokana na dhiki hiyo. Wakati huohuo Malawi, moja ya nchi maskini kabisa duniani, iliwapokea Wamsumbiji zaidi ya milioni moja. Ukarimu huo unastahili kukumbukwa kabla ya kusema lolote kuhusu Dzaleka.

Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, Wamsumbiji walipokuwa wakirudi kwao na watu wa Maziwa Makuu wakianza kufika. Mahali penyewe palikuwa gereza la kisiasa enzi za Hastings Kamuzu Banda, na jina lake kwa Kichewa hufasiriwa "sitarudia tena". Iliandaliwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongomani, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, kanisani na barazani, kiasi kwamba mfanyabiashara Mmalawi anayeuza nyanya pale hujifunza kuhesabu kwa Kiswahili.

Malawi ilijiunga na mkataba wa 1951 mwaka 1987, lakini kwa kuweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira, mali, elimu na uhuru wa kutembea. Kwa sheria, mkimbizi huishi kambini. Kwa maisha ya kila siku, posho ya kambini haikuwahi kutosha, na imekatwa mara kadhaa fedha za wafadhili zilipopungua. Kwa hiyo watu walitoka. Kilomita zipatazo 45 kutoka Dzaleka, Chinsapo ilikuwa mahali pa kupata chumba cha bei nafuu na wateja wengi. Maduka ya vyakula yalichipuka, na duka la namna hiyo ni rahisi kulitambua: chumba kimoja chenye dirisha la nondo, mafuta ya kupikia yaliyofungwa kwenye vifuko vidogo vya plastiki vya kutosha mlo mmoja, sukari na chumvi zilizopimwa tayari, sabuni iliyokatwa vipande, na mlango unaofunguliwa kabla ya jua kuchomoza na kufungwa usiku baada ya wote. Aliyeishi Bujumbura ya 1996 anaujua uchuuzi huo. Kuuza kidogokidogo kwa mtu asiye na fedha ya kununua kwa wingi ni ujuzi uliozaliwa na uhaba.

Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote walioishi mijini na vijijini warudi Dzaleka. Amri kama hiyo ya mwaka 2021 ilikuwa imezuiwa na mahakama kwa muda. Safari hii, kuanzia Mei, polisi na wanajeshi walifanya misako, na mamia ya watu, watoto wakiwemo, walikamatwa, wengi wakipitishwa gereza la Maula kabla ya kupelekwa kambini. Serikali ilitaja usalama wa taifa na malalamiko ya wafanyabiashara wenyeji. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa, kwa sababu mchuuzi wa Lilongwe naye anahangaika na kwacha inayoporomoka. Lakini duka likifungwa kwa siku moja, bidhaa huharibika au huibwa, madeni ya wateja hayalipwi, na mwenye nyumba Mmalawi aliyekuwa akipokea kodi kila mwezi hukosa naye. Watoto waliokuwa shule za mjini walihamishiwa kwenye madarasa ya kambi ambayo tayari yalikuwa yamejaa.

Barabara ya Kasumulu nayo ilitikisika mwaka 2025 bila risasi hata moja. Malawi ilizuia kuingizwa kwa baadhi ya mazao, yakiwemo mchele, unga, ndizi na tangawizi; Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, kisha ikaondoa zuio lake. Zuio la Tanzania lilidumu siku chache, lakini ndizi zilizokuwa njiani hazikungoja mazungumzo.

Kwa sasa, mkimbizi wa Dzaleka anayetaka kwenda Lilongwe kwa matibabu au kununua bidhaa za jumla huhitaji kibali cha kutoka. Anayekipata hupanda minibasi asubuhi, hununua katoni zake mjini na kurudi kabla ya giza, na nauli ya safari huingizwa kwenye bei ya kifuko cha mafuta kitakachouzwa kambini kesho yake.